Bahasha na Mlango: Maadili na Shinikizo katika Uhakiki wa Michezo ya Video

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna suala la maadili linavyojadiliwa katika uanahabari wa michezo ya video. Hoja yake ni kwamba mjadala huo, pamoja na kanuni zinazotokana nao, umeelekezwa mno kwenye zawadi anayopewa mwanahabari, ilhali shinikizo kubwa zaidi hutokana na kile anachoweza kunyimwa: nakala ya mchezo, muda wa kuucheza, na hata ajira yake. Hoja hiyo inajengwa kwa kuchunguza matukio ya Marekani, Uingereza na Poland kati ya mwaka 2007 na 2020, na kuyapima kwa kanuni za maadili zinazofahamika Afrika Mashariki.

Utangulizi

Katika vyumba vya habari vya Afrika Mashariki neno "bahasha" halihitaji ufafanuzi. Ni fedha anazokabidhiwa mwandishi mwishoni mwa mkutano, mara nyingi kwa jina la nauli, huku kila mmoja akijua kwamba nauli haifiki kiasi hicho. Kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya Kenya ya mwaka 2013 zinamkataza mwanahabari kupokea zawadi, upendeleo au malipo kutoka kwa wanaoweza kutaka kuathiri habari anazoandika. Katazo hilo ni la haki. Hata hivyo, linachukulia kwamba uchafu wa taaluma una umbo la kitu kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kwamba aliyekataa kupokea amebaki safi.

Uanahabari wa michezo ya video ni uwanja mzuri wa kuipima dhana hiyo. Mhakiki wa riwaya anaweza kukinunua kitabu dukani, akakisoma kwa wakati wake, na uhakiki wake ukatoka mwaka mmoja baadaye bila kupoteza thamani. Mhakiki wa mchezo wa video hana nafasi hiyo. Michezo mikubwa huhitaji makumi ya saa ili kukamilika. Wasomaji hutaka hukumu kabla ya siku ya mauzo au siku hiyohiyo, kwa kuwa ndipo wanapoamua kutoa fedha zao. Mwenye uwezo wa kumpatia mhakiki nakala mapema ni mmoja tu, naye ni mchapishaji anayeuuza mchezo. Mara nyingi mchapishaji huyohuyo ndiye anayenunua matangazo yanayolipa mshahara wa mhakiki. Kwa mpangilio wa namna hii, bahasha inakuwa kitu cha ziada.

Alama sita na ajira iliyopotea

Tarehe 28 Novemba 2007, Jeff Gerstmann, mhariri aliyeitumikia tovuti ya GameSpot ya Marekani kwa zaidi ya miaka kumi, aliachishwa kazi. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameuhakiki mchezo Kane & Lynch: Dead Men na kuupa alama 6.0 kati ya 10. Katika siku hizo kurasa za tovuti zilikuwa zimepambwa kwa matangazo ya mchezo huohuo, yaliyolipiwa na mchapishaji wake, Eidos Interactive. Wamiliki wa tovuti wakati huo, CNET Networks, walikanusha kwamba shinikizo la mtangazaji ndilo lililomwondoa. Gerstmann alikuwa amefungwa mdomo kisheria, hivyo kwa zaidi ya miaka minne wasomaji walibaki na tetesi. Aliweza kusimulia mnamo Machi 2012, baada ya CBS Interactive, mmiliki mpya wa GameSpot, kuinunua Giant Bomb, tovuti aliyoianzisha pamoja na wenzake baada ya kufukuzwa. Kwa maelezo yake, kampuni za michezo zilitishia kuondoa matangazo kwa sababu ya alama za chini, na uongozi mpya ambao haukuwa na uzoefu wa kustahimili vitisho vya aina hiyo ulitetereka.

Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mtu mmoja mwadilifu na kampuni katili. Usomaji huo haukosi ukweli, lakini unapita juu ya jambo lenye uzito zaidi kwa mtunga kanuni. Gerstmann hakupewa chochote wala hakuombwa kupokea chochote. Mkaguzi wa maadili mwenye orodha ya zawadi zilizokatazwa angeipitia ofisi yote ya uhariri asione kosa. Kilichovunjika ni ukuta kati ya idara ya matangazo na idara ya uhariri, nao ulivunjwa na mameneja ambao hakuna kanuni ya mwanahabari iliyowahusu. Maadili yaliyoandikwa kwa ajili ya mwajiriwa hayamfungi mwajiri. Wenzake kadhaa waliojiuzulu katika miezi iliyofuata walilielewa hilo kwa haraka kuliko wachambuzi wengi.

Ipo pia ajabu ya alama yenyewe. Mwanafunzi wa sekondari anayepata sita katika kumi huondoka darasani bila aibu. Katika uhakiki wa michezo ya video, alama hiyo ilihesabiwa kuwa tusi. Kipimo cha kumi kimebanwa hadi kikawa na nafasi tatu au nne tu za juu zinazotumika kwa michezo mikubwa, na zilizobaki ni pambo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema ameenda mbali zaidi, kwani ameshajua kuhesabu sifa kwa tarakimu na kuziandika katika mikataba.

Hilo si mzaha. Tovuti ya Metacritic hukusanya alama za wahakiki na kutoa wastani wa kati ya 0 na 100, ikiwapa baadhi ya wahakiki uzito zaidi ya wengine bila kutangaza uzito huo. Mchezo Fallout: New Vegas ulipotoka mwaka 2010, kampuni ya Obsidian iliyoutengeneza ilikuwa imeahidiwa bonasi na mchapishaji endapo wastani ungefika 85. Ulifika 84. Jambo hilo lilijulikana mwaka 2012 kupitia kauli ya Chris Avellone, mmoja wa viongozi wa kampuni hiyo. Tangu hapo mhakiki mwenye dhamiri ana mzigo mpya, maana anapoandika saba badala ya nane anajua kwamba huenda anagusa kipato cha watu waliofanya kazi usiku na mchana. Hata huruma imegeuzwa kuwa shinikizo. Aliyeuandika mkataba huo ni mchapishaji, lakini lawama humfikia mhakiki.

Mlango unaofungwa

Mnamo Novemba 2015 Stephen Totilo, mhariri mkuu wa tovuti ya Kotaku wakati huo, aliwaeleza wasomaji wake kwamba wachapishaji wawili wakubwa, Bethesda na Ubisoft, walikuwa wameikatia tovuti hiyo mawasiliano: wa kwanza kwa takriban miaka miwili, wa pili kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hawakujibu maswali wala hawakutuma nakala za kuhakiki. Kosa la Kotaku lilikuwa kuchapisha habari za kweli kuhusu michezo iliyokuwa bado haijatangazwa.

Inaweza kudaiwa kwamba mchapishaji hana wajibu wa kisheria wa kumpa mtu yeyote nakala ya bure, na dai hilo ni sahihi. Hata hivyo, linakwepa suala. Nakala ya mapema inatajwa kama hisani inapotolewa, na inatumika kama adhabu inapozuiwa. Kitu kinachoweza kutumiwa kuadhibu si hisani tena. Kotaku ilikuwa na wasomaji wengi kiasi cha kustahimili. Tovuti ndogo iliyoona yaliyomkuta mkubwa haihitaji kutumiwa onyo, kwa kuwa itajionya yenyewe, na wala hakutakuwa na barua ya kuthibitisha kwamba ilionywa. Mwaka uliofuata, Oktoba 2016, Bethesda ilitangaza kwamba nakala za kuhakiki zingetolewa siku moja kabla ya mauzo. Safari hii mlango ulifungwa kwa wote kwa usawa, na mnunuzi ndiye aliyebaki nje.

Tukio linaloonyesha kwa ukamilifu kazi ya mlango huo ni la Cyberpunk 2077, mchezo wa kampuni ya CD Projekt ya Poland uliotoka tarehe 10 Desemba 2020. Wahakiki waliopata nakala mapema walipewa toleo la kompyuta peke yake. Hawakupewa toleo la PlayStation 4 wala la Xbox One, mashine zilizokuwa zimeenea majumbani. Isitoshe, video walizoruhusiwa kuzitumia kabla ya siku ya mauzo ni zile zilizoandaliwa na kampuni yenyewe. Uhakiki ulichapishwa tarehe 7 Desemba, na wastani wa alama ulikaribia 90. Siku tatu baadaye wenye mashine za zamani walikuta mchezo unaokwama, wenye picha zisizokamilika na unaozimika ghafla. Tarehe 14 Desemba kampuni iliomba radhi kwa kutouonyesha mchezo kwenye mashine hizo kabla ya kuuuza, na ikakiri kwamba kwa kufanya hivyo iliwanyima wanunuzi nafasi ya kuamua wakiwa na taarifa kamili. Siku chache baadaye Sony iliuondoa mchezo kwenye duka lake la mtandaoni.

Radhi hiyo ni hati muhimu, kwa kuwa mwenye mlango mwenyewe anaeleza mlango ulitumika kuficha nini. Lakini inawahusu pia wahakiki. Baadhi yao walitaja katika maandishi yao kwamba hawakuwa wameyaona matoleo mengine. Waliandika ukweli. Kisha wakaweka alama, na alama haibebi tanbihi. Ilipofika kwenye wastani, ikawa ni hukumu juu ya mchezo mzima. Hakuna aliyepokea bahasha, na bado mnunuzi alipotoshwa. Aliyepotoshwa zaidi ni yule asiye na kompyuta ya gharama kubwa. Katika vibanda vya Nairobi na Dar es Salaam, ambako vijana hulipia kucheza kwa muda, mashine za kizazi kilichopita hutumika kwa miaka mingi baada ya kusahaulika kwingine. Mwenye kibanda husoma uhakiki ulioandikwa ng'ambo, juu ya mashine asiyokuwa nayo, kwa masharti asiyoambiwa.

Bahasha inapoonekana

Bahasha haijatoweka. Mwezi Julai 2016 Kamisheni ya Biashara ya Marekani ilifikia mapatano na Warner Bros. kuhusu mchezo Middle-earth: Shadow of Mordor wa mwaka 2014. Kampuni iliwalipa washawishi wa mitandaoni kuusifu mchezo, na maelezo ya malipo yakawekwa mahali ambapo mtazamaji wa kawaida hangeyaona. Sheria ililikamata kosa hilo kwa sababu palikuwa na fedha za kufuatilia. Jambo lililopata uzito mdogo ni sharti jingine la makubaliano, kwamba washawishi wasionyeshe kasoro za mchezo. Sharti hilo linatofautiana kwa kiwango tu na lile la video zilizoandaliwa za mwaka 2020, ambalo halikuhusisha malipo, na kwa hiyo halikumshughulisha mkaguzi yeyote.

Neno "maadili" nalo limetumiwa vibaya. Oktoba 2012, Robert Florence aliandika katika tovuti ya Eurogamer ya Uingereza juu ya wanahabari wanaokaribiana mno na idara za uenezi. Baada ya malalamiko ya kisheria kutoka kwa mwandishi aliyetajwa, sehemu ya makala iliondolewa, naye Florence akaiacha safu yake. Hapo swali la maadili lilikuwa halisi na likazimwa. Miaka miwili baadaye, Agosti 2014, kampeni iliyojiita ya kutetea maadili ilianza kwa madai kwamba mtengenezaji mmoja wa kike alipata uhakiki wa upendeleo. Uhakiki huo haukuwahi kuandikwa. Kilichofuata ni vitisho dhidi ya wanawake, baadhi yao wakalazimika kuhama makwao. Wachapishaji wakubwa, wenye matangazo, mikataba na milango, hawakuguswa. Kampeni ya maadili iliyomwandama mtengenezaji wa mchezo uliotolewa bure na kumwacha mwenye mamilioni inajieleza yenyewe.

Kinachopaswa kutangazwa

Kwa washauri wa sera wanaoandaa kanuni za maudhui ya mtandaoni katika kanda hii, uchunguzi huu una matokeo mahususi. Kanuni inayomtaka mhakiki atangaze zawadi haitoshi, kwa kuwa nakala ya mapema ni kifaa cha kazi na kila mtu anajua ilikotoka. Kinachopaswa kutangazwa ni masharti: nani aliitoa nakala, siku ngapi kabla, kwa mashine ipi, na nini kilikatazwa kuonyeshwa. Maelezo hayo yakae kando ya alama, si aya ya mwisho. Pale ambapo mhakiki hakuruhusiwa kuliona toleo ambalo wasomaji wake watalinunua, alama ya toleo hilo isitolewe. Hasara ya kuchelewa ni kubwa, na ni kosa kumtaka mhakiki mmoja aibebe peke yake wakati wenzake wanachapisha. Ndiyo maana jambo hili linahitaji kanuni ya pamoja, lisiachiwe ushujaa wa mtu binafsi.

Kuhusu mwajiri, wajibu unapaswa kuandikwa katika mkataba wa ajira wenyewe: kwamba hukumu ya mhakiki haitakuwa sababu ya kumwachisha kazi, na kwamba mwajiri hatamzuia kueleza mazingira ya kuondoka kwake. Gerstmann angekuwa na kipengele hicho cha pili, wasomaji wasingesubiri hadi mwaka 2012.

Cyberpunk 2077 ilirejeshwa kwenye duka la Sony mwezi Juni 2021 ikiwa imefanyiwa marekebisho. Metacritic huhesabu alama ya kwanza ya kila mhakiki na haipokei iliyobadilishwa baadaye, kwa hiyo alama zilizotolewa tarehe 7 Desemba 2020 kwa toleo la kompyuta bado zinahesabiwa katika wastani wake.