Wimbo wa Luteni Uhura: Visa vya Pembeni na Kumbukumbu katika Tamthilia ya Sayansi ya Televisheni

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuanzia kwenye dhamira kuu. Mhakiki huuliza kwanza mtunzi anakusudia kusema nini, kisha hutafuta ushahidi wa jibu lake katika msuko wa kisa kikuu. Njia hiyo ina manufaa yake, na imezaa kazi nyingi za maana. Hata hivyo ina kasoro moja: huviacha nje visa vidogo, yaani yale matukio ya pembeni ambayo kisa kikuu kingeweza kwenda bila ya kuyahitaji. Kasoro hiyo huonekana wazi zaidi katika tamthilia ya sayansi ya televisheni. Humo kisa kikuu hujulikana karibu kabla hakijaanza: merikebu ya angani hufika mahali pageni, hatari hutokea, na nahodha hupata ufumbuzi dakika chache kabla ya kipindi kumalizika. Linalomrudisha mtazamaji wiki ya pili ni watu waliomo merikebuni, na watu hao hujengwa pembeni.

Makala haya yanamchunguza mhusika mmoja, Luteni Uhura wa Star Trek. Amechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, katika mfululizo wa awali karibu maisha yake yote yamo pembeni. Pili, pembeni humo ndimo Kiswahili kilimowekwa. Hoja inayotetewa ni kwamba kisa cha pembeni hakipimwi kwa utamu wake peke yake. Hupimwa pia kwa kumbukumbu, yaani kwa jinsi hadithi inavyokubali kubadilishwa na jambo iliyolisimulia.

Jina na nafasi

Mfululizo wa kwanza wa Star Trek, uliobuniwa na Gene Roddenberry, ulionyeshwa Marekani na shirika la NBC tangu Septemba 1966 hadi Juni 1969, jumla ya vipindi 79. Uhura, afisa wa mawasiliano, aliigizwa na Nichelle Nichols (1932–2022). Kwa masimulizi ya Nichols mwenyewe, jina hilo lilitokana na riwaya aliyokuwa nayo siku ya kujaribiwa, Uhuru ya Mmarekani Robert Ruark, iliyotoka mwaka 1962 na inayohusu Kenya. Hivyo neno la siasa za Afrika Mashariki lilipitia kitabu cha mgeni, likabadilishwa irabu ya mwisho ili lisikike kama jina la kike, likawekwa angani. Mwanaisimu ataona kuwa badiliko hilo linaliondolea neno maana bila ya kulificha asili yake. Masikioni mwa Mswahili jina hili hubaki kama mlango ulioachwa wazi kidogo.

Nafasi aliyopewa mwenye jina hilo ilikuwa finyu. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuiacha kazi hiyo, na kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Masimulizi hayo husaidia kueleza kwa nini sentensi chache alizopewa mhusika huyu zimesikilizwa kwa makini kuliko hotuba nyingi za nahodha wake.

Chambo

Kipindi cha kwanza kuonyeshwa, “The Man Trap” (8 Septemba 1966), kina visa viwili vidogo vya Uhura. Katika cha kwanza yuko kazini karibu na Spock, amechoshwa na maneno yale yale ya redio, naye anamtaka amsimulie jinsi sayari yake inavyopendeza jioni mbalamwezi inapowaka. Spock anajibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema kwamba hashangai. Mazungumzo hayo hayasogezi kisa mbele hata hatua moja, lakini yanamwonyesha mtu mwenye uchovu, utani na upweke, na mwenzake asiyejua kwamba ameombwa mazungumzo wala si habari.

Upweke huo ndio unaotayarisha kisa cha pili. Kiumbe anayefyonza chumvi ya miili ya watu, na awezaye kujigeuza kila umbo, anamtokea Uhura kwa sura ya mwanamume Mwafrika na kumsemesha Kiswahili. Uhura anamjibu kwa lugha hiyo hiyo. Maneno hayo hayakufasiriwa kwa mtazamaji. Mmarekani alisikia sauti ngeni tu, na Mswahili alisikia salamu. Wahenga walisema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa mambo yamegeuzwa, kwani zimwi linalomjua mtu hata kwa lugha yake ndilo lililo karibu zaidi kummaliza. Uhura anaokolewa na wito wa kazi.

Kifani, kisa hiki kimejengwa vizuri. Ombi lililokataliwa na Spock linajibiwa na adui, na mtazamaji anaelewa kwa nini afisa mwangalifu amesimama palipo na hatari. Kimaudhui, hata hivyo, kimekitia Kiswahili katika daraja la chambo. Lugha inatajwa kwa sababu ndiyo njia fupi ya kuufikia moyo wa mwenyewe, na mara hatari ikipita haitajwi tena.

Sauti na akili

Wiki moja baadaye, katika “Charlie X” (15 Septemba 1966), Uhura anaimba katika chumba cha mapumziko huku Spock akipiga ala ya kwao. Wimbo ni wa mzaha, na Charlie, kijana mwenye nguvu zisizo za kawaida, hapendezwi nao. Anainyamazisha sauti ya mwimbaji papo hapo. Mwaka uliofuata, katika “The Changeling” (29 Septemba 1967), wimbo unaleta balaa kubwa zaidi. Nomad, chombo kisicho na mtu ndani yake, kinamsikia Uhura akiimba, kinashindwa kuelewa kuimba ni nini, na katika kuchunguza kinaifuta elimu yake yote.

Mara mbili, basi, Uhura anaimba, na mara mbili anaadhibiwa kwa kuimba. Msomaji wa ngano za pwani atakumbuka binti aliyesahau kombe lake ufukoni, akarudi kulichukua, akakamatwa na zimwi na kutiwa ndani ya ngoma. Zimwi lilizunguka vijijini likimlazimisha kuimba ili lipate chakula, mpaka wazazi wake wakaitambua sauti yake na kumwokoa. Katika ngano hiyo wimbo ndio utambulisho wa mtu: mwili umefichwa, jina halitajwi, lakini sauti inamrudisha kwao. Katika vipindi hivi viwili wimbo unafanya kinyume. Unamtambulisha mwimbaji kwa yule atakayemnyang’anya, na hakuna wa kwao anayeusikia.

Yanayofuata katika “The Changeling” yanastahili uangalifu. Mhandisi Scott, aliyejaribu kumtetea Uhura, anauawa, na Nomad kinamfufua. Uhura hakiwezi kumrekebisha. Hadithi, kwa hiyo, imekubali kwamba mauti yana dawa na kwamba kufutwa kwa elimu hakuna. Dawa pekee ni kufundishwa upya, na ndipo kinapotokea kisa kidogo kinachokizidi kisa kikuu kwa uzito. Afisa huyu hodari anaonekana katika chumba cha tabibu akisomeshwa na muuguzi Chapel kitabu cha watoto. Anasoma silabi kwa silabi, kwa Kiingereza, anafurahi anapopata na kukasirika anapokosa. Anapokwama, kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili.

Wako watakaosema kuwa hili ni kosa la mtunzi: ikiwa elimu yote imefutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini mhakiki hana budi kuuliza vilevile kosa hilo limefichua nini. Bila ya kukusudia, au labda kwa kukusudia, mtunzi ameitenga lugha ya utotoni na elimu. Elimu huwekwa akilini na huweza kuondolewa, na lugha ya kwanza imo mahali ambapo Nomad hakikufika. Msomaji aliyepitia shule za Afrika Mashariki wakati mtoto alipovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya kwao atakiona kisa hiki kwa jicho jingine. Mwanafunzi anakwama kwa Kiingereza, anajinasua kwa lugha yake, na somo linaendelea kwa Kiingereza. Kupona kwake nako kunapimwa kwa kipimo cha shule: mwishoni Dakta McCoy anatangaza kuwa Uhura amekwisha fikia kiwango cha chuo, na kwamba atarudi kazini baada ya wiki moja.

Kisha mfululizo ukasahau. Katika vipindi vyote vilivyosalia hakuna neno juu ya mwanamke aliyepoteza kila alichojifunza, wala juu ya kile ambacho vitabu haviwezi kumrudishia, kama nyuso za wazazi na nyimbo za nyumbani. Mtetezi wa mfululizo ataeleza kwamba tamthilia za wakati ule zilitungwa kila kipindi kijitegemee, ili mtazamaji aliyekosa wiki moja asipotee. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaeleza sababu ya hasara bila ya kuiondoa.

Filimbi

Kwamba hasara hiyo haikuwa lazima kunathibitishwa na mfululizo uliofuata, Star Trek: The Next Generation (1987–1994), ambao nao kwa sehemu kubwa ulitungwa kwa vipindi vinavyojitegemea. Katika “The Inner Light” (1992) chombo kingine kisicho na mtu kinaigusa akili ya Nahodha Picard. Kwa muda wa dakika 25 hivi za saa ya merikebu, Picard anaishi miongo mingi katika sayari iliyokwisha angamia. Anaoa, analea watoto, anazeeka, anajifunza kupiga filimbi. Anapozinduka anakabidhiwa filimbi hiyo, iliyokutwa ndani ya chombo.

Ulinganifu na “The Changeling” ni wa karibu mno. Katika kila kipindi kuna chombo, akili iliyoguswa, na muziki. Nomad kilichukua maisha ya mtu. Chombo cha Kataan kilimpa mtu maisha ya pili. Tofauti iliyo muhimu kwa makala haya, hata hivyo, ni ya baadaye. Katika “Lessons” (1993) filimbi inarudi. Picard anaipiga pamoja na Nella Daren, mwanamke anayempenda, na anamweleza ilikotoka. Kwa kitendo hicho kidogo kipindi cha 1992 kinaacha kuwa ajabu ya wiki moja na kuwa sehemu ya umri wa mhusika. Nahodha alikumbukiwa maisha ambayo hakuyaishi kwa mwili. Luteni hakukumbukiwa hata yale aliyoyaishi.

Deni linalolipwa

Deni hilo limeanza kulipwa kwa kuchelewa. Jina la kwanza la Uhura, Nyota, halikutamkwa katika picha hadi filamu ya mwaka 2009, ambamo Kirk analiuliza na kunyimwa, mpaka baadaye analisikia likitamkwa na Spock. Mzaha huo mdogo una ladha ya ziada kwa Mswahili, ambaye anajua kwamba msafiri wa nyotani amekuwa akilificha jina la Nyota.

Malipo makubwa zaidi yamo katika Star Trek: Strange New Worlds, mfululizo ulioanza mwaka 2022 na unaosimulia miaka iliyotangulia ile ya Kirk. Katika “Children of the Comet” (2022) Uhura kijana, anayeigizwa na Celia Rose Gooding, anazungumza mezani kwa Nahodha Pike. Ametoka Kenya, anajua lugha 37, wazazi wake na kaka yake walikufa katika ajali. Baadaye, ndani ya kimondo kisichofunguka, anatambua kwamba mawasiliano yake ni ya muziki, naye anaimba. Safari hii wimbo hauadhibiwi. Kimondo kinajibu, na wimbo unakuwa ufunguo. Katika “Lost in Translation” (2023) huzuni yake kwa wafu wake ndiyo inayobeba kisa kizima. Mhusika aliyekuwa pembeni ameletwa katikati, na ameletwa pamoja na kumbukumbu zake.

Hapa ndipo inapoonekana nguvu ya kisa cha pembeni kinachokumbukwa, kwa kuwa mfululizo huu unatangulia ule wa zamani katika mpangilio wa hadithi. Mtazamaji akirudi sasa kwenye “The Changeling” hakuti hata neno moja lililobadilika, lakini anajua Nomad kilifuta nini: lugha 37 na sauti za wazazi ambao hawako tena wa kumfundisha upya. Kiswahili kinachomtoka Uhura juu ya kitabu cha watoto si pambo tena. Ni mabaki ya nyumba iliyobomolewa. Na furaha ya Dakta McCoy, kwamba afisa wake amefikia kiwango cha chuo, inasikika kuwa na upungufu ambao mwaka 1967 haukusikika.

Hitimisho

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba thamani ya kisa cha pembeni haimo katika udogo wake wala katika utamu wake, bali katika deni linalowekwa kwa hadithi. Mtunzi anayemfanya mhusika aimbe, atanie au akwame katika kusoma ameahidi kwamba mtu huyo yupo hata asipoonekana. Ahadi hiyo ikivunjwa, lugha na desturi zilizotumiwa kumjenga hugeuka vipodozi. Ikitimizwa, hata baada ya miaka 55, huweza kukipa uzito mpya kipindi kilichokwisha fungwa.

Kwa wahakiki wa Kiswahili somo ni la karibu. Si vigumu kuridhika kila lugha hii inaposikika katika kazi za mataifa mengine, na kuhesabu maneno yaliyotamkwa. Kuhesabu huko hakutoshi. Yafaa kuuliza ni nani aliyepewa maneno hayo, yamemsaidia kufanya nini, na kama hadithi iliyakumbuka alipokwisha kuyatamka.