Mzalia Katika Vitabu vya Vijana

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, miaka ya 1970, nilipangiwa shule moja ya mji wa pwani. Kabatini nilikuta nakala chache za Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934. Majalada yalikuwa yameliwa na mende, lakini hadithi ilikuwa nzima. Niliisoma kwa sauti vipindi vya mwisho vya mchana, na watoto walinyamaza kimya. Siku tuliyomaliza, msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na wale waliozaliwa humu humu mjini, nyumbani kwa mabwana zao, nani aliwaokoa?" Kabla sijafungua kinywa, mvulana wa nyuma akasema, "Kamuulize bibi yako." Darasa zima likacheka. Nami nikasema hilo halimo katika mtihani, nikafunga kitabu.

Msichana yule hakunyoosha mkono tena mpaka mwaka ukaisha. Baadaye nimekuwa mwalimu mkuu, nimefundisha chuo cha ualimu, nimestaafu, na bado ninadaiwa jibu lile. Ndiyo maana nikipata kitabu cha vijana kinachohusu utumwa, hutazama kwanza hadithi inaanzia wapi.

Mbotela alizaliwa Frere Town, karibu na Mombasa, katika kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Alikuwa na haki zote za kuanzia alikoanzia, yaani bara, siku ya kutekwa, maana hiyo ndiyo iliyokuwa historia ya wazee wake. Wahakiki wamemlaumu kwa jinsi alivyompamba Mwingereza, na lawama hiyo ni ya haki. Langu mimi ni jingine. Hadithi ya kutekwa humpa msomaji kijana faraja moja kubwa: mhusika ana kwao. Ana mto aliouogelea na jina aliloitwa na mama yake, na utumwa ni msiba uliomkuta njiani. Mzalia hana kwao kwingine. Nyumba anayoitumikia ndiyo aliyozaliwa, na bibi mwenye nyumba huenda ndiye aliyemfundisha kutembea. Watu wa pwani waliijua sana tofauti hii. Mtumwa aliyefika karibuni kutoka bara waliita mjinga, aliyezaliwa hapa wakamwita mzalia, na mzalia naye akajiona bora kuliko mjinga. (Neno mjinga tunalo hata leo, wala hatuulizi lilipotoka.) Mwandishi wa habari za mzalia, basi, hana vita vya kuanzia wala manowari ya kumalizia. Anabaki na swali moja gumu: mtoto huyu alijua lini kwamba ni mtumwa, na nani alimwambia?

Swali hilo nimeliona likikabiliwa kwa ujasiri katika riwaya ya Mmarekani Kimberly Brubaker Bradley, Jefferson's Sons, ya mwaka 2011, niliyoletewa na mjukuu wangu. Inahusu watoto wa Sally Hemings, mtumwa wa Monticello huko Virginia. Baba yao, kama wanavyokubali wanahistoria wengi leo, alikuwa bwana wa shamba hilo, Thomas Jefferson, yule yule aliyeandika tangazo la uhuru la Marekani la mwaka 1776. Tunaona mambo kwa macho ya wavulana watatu, mmoja baada ya mwingine: Beverly, ndugu yake Madison, na mwisho Peter Fossett. Nguvu ya kitabu iko katika neno ambalo watoto wa Sally hawaruhusiwi kulitamka, nalo ni "baba". Anayewafundisha utumwa ni mama yao mwenyewe, kwa upole na kwa kuwapenda, kwa kuwakanya wasiseme.

Msomaji wa kwetu atashangaa hapo. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mtoto wa suria, bwana akimkubali, alikuwa huru. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Virginia, tangu 1662, sheria ilimpa mtoto hali ya mama yake. Lakini tusijivune. Mtoto wa mtumwa kwa mtumwa alikuwa mtumwa huku kama kule. Na amri ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja iliwaacha nje masuria mpaka 1909.

Kitabu kina kasoro. Sally anaeleza mno. Mara nyingine nilimsikia kama mwalimu wa zamu. Halafu kuna Harriet, binti pekee aliyekua kati ya wale ndugu, ambaye hapewi zamu ya kutuonyesha dunia yake, ingawa utumwa wa msichana ulikuwa na hofu zake ambazo kaka hawezi kuzisimulia. Tena watoto wa Sally wameahidiwa uhuru wakifika miaka 21, na msomaji huhesabu miaka akiwa ametulia, kama abiria mwenye tiketi.

Hapo ndipo mwandishi anapotushtukiza na Peter. Peter si mtoto wa Jefferson, wala hakuna aliyemwahidi kitu. Jefferson alipokufa mwaka 1826 wosia wake ulimwacha huru baba yake Peter, mhunzi, lakini si mke wala watoto wa mhunzi huyo. Januari 1827 wakapigwa mnada, Peter akiwa na miaka 11. Kuikabidhi hadithi mikononi mwa mtoto asiye na ahadi ni uamuzi mgumu, nami ninausifu kuliko yote yaliyomo.

Kwetu kuna hadithi kama hiyo inayosubiri mwandishi. Amri ya Wajerumani ya Desemba 1904 ilisema watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe haukufutwa Tanganyika hadi 1922, chini ya Waingereza. Fikiria ndugu wawili wa Pangani, tumbo moja, mkubwa wa 1904 na mdogo wa 1906, wanakula sinia moja, mmoja mtumwa na mmoja huru. Riwaya ya vijana inayowahusu nimeitafuta, sijaipata.

Miaka yangu ya mwisho chuoni niliwapa walimu wanafunzi zoezi la kuandika kurasa mbili juu ya mtoto huyo mkubwa. Karibu wote walianza na msafara na minyororo, ingawa niliwaambia amezaliwa Pangani. Mmoja tu alianza na mtoto anayeambiwa na mama yake asikae kwenye kiti, akae chini. Nilimwomba aniachie daftari lile nikalisome kwa wenzake. Akakataa kwa adabu, akasema, "Mwalimu, hizo ni habari za kwetu."