Asubuhi ya Injini, Mchana wa Mabawa

Colin Pennycuick alipokuja Nairobi mwaka 1968 kufundisha zuolojia katika chuo kikuu, alikuwa na swali ambalo darubini haikuweza kulijibu. Tumbusi wa Serengeti husafiri makumi ya kilomita kutafuta mzoga, na njia nzima hupiga mabawa mara chache tu. Huijuaje hewa ya kumpandisha, na huitumiaje? Aliyesimama chini huona nukta nyeusi ikizunguka, kisha ikapotea. Pennycuick alikuwa rubani, kwa hiyo akaamua kuwafuata ndege hukohuko juu. Chombo alichokitumia ni Schleicher ASK 14, motaglaida ya Kijerumani ya kiti kimoja, yenye mabawa ya mita 14 na ushei na injini ndogo ya Hirth puani. Ilipaa yenyewe bila kuvutwa na ndege nyingine. Ikishafika juu, rubani alizima injini, akayageuza mapanga ya propela yaukate upepo kwa makali, na kuanzia hapo ikawa glaida tupu, ikizunguka pamoja na tumbusi, korongo na mwari. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la Ibis, na wataalamu wa kuruka kwa ndege wanayarejelea hadi leo.

Mashine za kizazi kile sasa ni za kale. ASK 14 iliruka mara ya kwanza mwaka 1967. Scheibe Falke, motaglaida ya viti viwili, iliitangulia mwaka 1963. Nyingine ziko hangani chini ya turubai, zikimsubiri mtu mwenye subira na pesa. Habari za kuzifufua husimuliwa kwa mbao na rangi: picha ya bawa lililo uchi mbavu nje, kisha picha ya bawa linalong'aa. Picha hizo zinapendeza, ila haziamui kitu. Katika nyanda za Kajiado, kusini mwa Nairobi, Kitengela hadi Oltepesi, motaglaida iliyokarabatiwa hufanya mitihani miwili inayopingana. Wa kwanza ni wa injini, nao hufanywa alfajiri. Wa pili ni wa mabawa, nao hufanywa jua la utosi. Anayeikarabati kwa ajili ya mmoja tu ameirudisha hewani nusu ndege.

Kazi huanzia kwenye gundi. Bawa la Falke ni la mbao, plaiwudi na kitambaa, na kinachoyashika yote hayo pamoja hakionekani. Viwanda vya glaida vya Ujerumani viliwahi kutumia gundi ya kasini, inayotokana na maziwa, na baadaye gundi ya Kaurit. Kasini ikilowa huota kuvu na kuoza. Kaurit huvumilia maji zaidi, lakini joto na miaka huifanya iwe kavu na kukatika kama kigae. Fundi hupasua kitambaa mahali pachache, akaingiza tochi na kioo kidogo, au kamera yenye shingo nyembamba, akaukagua mhimili wa bawa kwa ndani. Kisha huchagua kiungo kisichobeba mzigo mkubwa na kukibandua kwa patasi. Jibu liko kwenye jeraha. Nyuzi za mbao zikichanika na kubaki zimeng'ang'ania pande zote mbili, gundi imeishinda mbao na kiungo ni kizima. Kikiachana safi, uso unang'aa kama sahani, basi kila kiungo kilichogundishwa kiwandani siku zile kimetiliwa shaka, na bajeti inaandikwa upya.

Hali ya hewa ya Kajiado huongeza la kwake. Mbao iliyozoea unyevu wa Ulaya ikikaa msimu mmoja wa kiangazi hapa hukauka zaidi na kunywea, na bolti za kwenye shina la bawa zilizokuwa zimekaza zinaanza kucheza. Mchwa wanajulikana. Panya hawaogopwi inavyostahili: mkojo wao hula mabomba ya chuma ya kiunzi polepole, mahali ambapo jicho halifiki. Nyigu nao huona mrija wa kupimia kasi ni nyumba iliyojengwa kwa ajili yao, wakauziba kwa udongo kati ya Jumamosi moja na nyingine.

Kitambaa kipya siku hizi ni cha poliesta. Hugundishwa kwenye mbavu kikiwa kimelegea, kisha hukazwa kwa pasi iliyopimwa joto: kwanza nyuzi 121 za Selsiasi, mwisho 177. Pasi ya kukisia hupinda ukingo wa nyuma wa bawa, na bawa lililopinda halisamehe. Juu yake hupakwa tabaka lenye unga wa alumini wa kuzuia mionzi ya jua, na hapa karibu na ikweta, tena mwinukoni, tabaka hilo si la kubania.

Lakini kila tabaka lina uzito, na balaa la ukarabati hujificha mkiani. Kilo 2 za rangi na viraka zikikaa mita 4 nyuma ya kitovu cha uzito, kuzisawazisha kunataka kilo 8 mita 1 mbele yake. Ndege ambayo uzito wake umerudi nyuma huinua pua yenyewe, na ikianza kuzunguka ikianguka, huenda isitoke. Ndiyo maana haipimwi kwa kuangalia karatasi za mwaka 1970. Hupandishwa upya kwenye mizani. Usukani wa mkiani na vibawa vya pembeni navyo hupimwa kimoja kimoja, kwa sababu kibawa kilichozidishiwa rangi nyuma ya bawaba kinaweza kuanza kutetemeka kwenye kasi kubwa, ule mtetemo ambao marubani huuita flata, na flata huhitaji sekunde chache tu kuvunja bawa.

Injini ni habari nyingine, na kwa Wakenya ni habari ya nyumbani. Stamo ya Falke na Limbach zilizofuata zimetokana na injini ya Volkswagen Beetle, gari lilelile ambalo Tommy Fjastad aliliendesha akashinda Safari Rally mwaka 1962. Silinda nne zilizolala, zinazopozwa kwa hewa. Fundi yeyote wa makamo anazijua. Hapo ndipo mtego ulipo. Pistoni iliyonunuliwa Grogan, soko la vipuri la Nairobi, inaweza kuingia barabara kabisa na bado ikawa haina hati za asili yake, na kwenye ndege asili ni sehemu ya kipuri. Hirth ya ASK 14 ni tofauti: ni ya mipigo miwili, inayolainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Ikikaa miaka bila kuwashwa, sili za krankishafti hukauka, hewa ikapenya pasipotakiwa, na mchanganyiko ukapungua mafuta. Injini ya namna hiyo huunguruma vizuri chini, kisha ikayeyusha pistoni wakati wa kupanda.

Halafu kuna jeti ya kabureta, kidude cha shaba kinachoenea kwenye ncha ya kidole. Kwa kabureta isiyo na kirekebishi cha mchanganyiko, jeti iliyochaguliwa Ujerumani itamwaga petroli nyingi mno kwa hewa ya Kajiado, plagi zikajaa masizi na nguvu zikapungua. Fundi huweka ndogo zaidi. Vizuri, lakini mwenye ndege asije akaipeleka Malindi kwenye sikukuu na jeti hiyohiyo, maana hewa nzito ya pwani itaitia njaa, na injini yenye njaa ya mafuta huwaka moto mno.

Makaratasi yanataka aya fupi, ingawa hula miezi mirefu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ndiyo inayotoa namba inayoanza na 5Y na cheti cha kustahili kuruka, na inataka kuona kwamba maagizo yote ya kiufundi yaliyotolewa tangu ndege izaliwe yametekelezwa. Schleicher bado wapo Poppenhausen, wanakotengeneza glaida tangu mwaka 1927, na hilo ni jambo la kushukuru.

Kabla ya kuruka, mkia hufungwa kwenye nguzo na injini ikaendeshwa kwa nguvu zote, joto la silinda likiangaliwa. Kisha pua huinuliwa kama ndege inapanda, bomba la petroli likafunguliwa kwenye kabureta na mtiririko ukapimwa kwa chupa na saa. Petroli inayoteremka kwa uzito wake yenyewe inapaswa kuwa mara moja na nusu ya kile injini inachokula. Ni kazi ya nusu saa, na hugundua uchafu ambao ungegunduliwa juu ya miti.

Sasa mtihani wa kwanza. Uchukuliwe uwanja ulio mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kimo cha kawaida upande wa Kitengela. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye nyuzi 14, hewa ina uzito wa hewa ya kimo cha mita 1,900 hivi. Saa nane mchana, kwenye nyuzi 28, uwanja uleule una hewa ya mita 2,400. Kwa hewa hiyo ya mchana, injini ya nguvu za farasi 45 hubakiwa na kama 34. Robo imekwenda, lakini hasara halisi ni kubwa zaidi. Ikiwa farasi 13 zinahitajika kwa kubaki hewani tu bila kushuka, za kupandia zilikuwa 32 na sasa ni 21. Theluthi nzima ya upandaji imepotea, na Falke haikuwahi kusifiwa kwa kupanda hata kwao.

Kasi nayo humdanganya rubani mgeni. Kipimo kinasoma vilevile kama pwani, lakini ardhi inapita kwa kasi zaidi kwa asilimia 12 hivi. Macho yanamwambia ameshafika, mkono unavuta usukani kabla ya wakati, na ndege inainuka nusu mita, ikabaki hapo haipandi wala haitui. Dawa inayojulikana ni bendera katikati ya njia ya kurukia: ndege ikifika hapo bila asilimia 70 ya kasi ya kuinuka, zima. Baada ya mvua sheria hiyo hutumika kila siku, kwa sababu udongo mweusi wa nyanda hizi hung'ang'ania gurudumu, na Falke ya asili ina gurudumu kuu moja tu.

Safari ya kwanza, basi, ni ya alfajiri. Hewa imetulia, ndege haina mafuta mengi wala abiria, na mizunguko yote inafanywa juu ya uwanja. Ikitua salama watu hupigana picha, na wengi huhesabu kazi imekwisha.

Bado. Alichokifanya Pennycuick hakikuwezekana alfajiri. Tumbusi mwenyewe hutulia mtini au mwambani hadi jua liipashe ardhi moto na hewa ianze kupanda. Saa ambayo injini inachoka ndiyo saa ambayo mabawa yanapata chakula. Katika nyanda kavu za Kajiado hewa ya adhuhuri hupanda kwa fujo, na bawa lililolala miaka kadhaa hupigwa mitikisiko ambayo asubuhi haikuwahi kuonyesha. Mtihani huu hufanywa kwa hatua: kasi ikiongezwa kidogo kidogo, mikono ikisikiliza usukani, na baada ya kila safari bolti za shina la bawa zikikaguliwa tena kwa sababu mbao bado inanywea.

Hapo ndipo rubani huona pia kwa nini ndege hai wanamshinda. Nusu kipenyo cha mzunguko hukua kwa mraba wa kasi. Anayezunguka kwa mita 10 kwa sekunde akiwa ameinama nyuzi 25 anahitaji mita 22 tu; motaglaida inayokwenda mita 20 kwa sekunde, kwa mwinamo uleule, inahitaji karibu 88. Tumbusi anakaa kwenye kiini cha hewa inayopanda, mashine inazunguka pembezoni. Kuwatafuta tumbusi ili wakuonyeshe hewa ni ujanja mzuri, mradi mtu akumbuke kwamba hawana mpaka wa kimo: mmoja wa jamii ya Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan tarehe 29 Novemba 1973, kwenye mita 11,300 hivi.

Kuzima injini kwa mara ya kwanza hufanywa juu ya uwanja, kwenye kimo kinachotosha kurudi bila msaada wake. Falke huteleza kama mita 22 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Kutoka mita 600 juu ya ardhi hiyo ni kilomita 13 kwenye karatasi. Mwenye busara anahesabu nusu yake, kwa kuwa kati ya safu moja ya hewa inayopanda na nyingine kuna hewa inayoshuka, na injini iliyopoa inaweza kukataa kuwaka.

Enzi za Pennycuick, injini ikikataa, nyanda hizi zilikuwa uwanja mmoja mkubwa. Sasa ardhi ya Kitengela na viunga vyake imekatwa vipande, na kila kipande kina nguzo na senyenge ambayo kutoka mita 300 haionekani kabisa. Rubani hutafuta nguzo badala ya waya, na barabara ya vumbi badala ya nyasi. Wanaorusha vyombo hivi upande huu hupita kwanza chini kwa pikipiki wakati wa kiangazi, wakaweka alama kwenye ramani kila shamba lililobaki wazi na lenye urefu wa kutosha, na baada ya mvua za masika huirudia kazi hiyo upya, kwa sababu senyenge nyingine huwa zimeongezeka.