Programu Rahisi, Leja Ngumu

Ukimwuliza mwanafunzi wa uhasibu kama programu aliyofundishiwa inafaa, jibu lake litategemea sana umeulizaje. Madodoso mengi ya aina hii yanafuata kazi ya Fred Davis, mtafiti wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1989 katika jarida la MIS Quarterly. Davis alitenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku: manufaa ya chombo katika kazi, na urahisi wa kukitumia.

Alipima hayo kwa watu 152, wakiwamo wanafunzi 40 wa uzamili wa biashara wa Chuo Kikuu cha Boston waliojaribu programu mbili za michoro. Kwa wanafunzi hao, matumizi waliyojitabiria yaliendana na manufaa kwa kiwango cha uhusiano wa kitakwimu cha 0.85, na urahisi kwa 0.59. Yaani mtu akiona faida, huvumilia hata programu yenye usumbufu.

Kwenye uhasibu, urahisi una mtego wake. Chukua mauzo ya mkopo ya shilingi 500,000. Kwa kalamu, mwanafunzi anadebiti akaunti ya mdaiwa, anakrediti mauzo, anahamishia kwenye leja, kisha anaandaa urari. Kwenye programu ya uhasibu ya QuickBooks anajaza ankara tu: mteja, bidhaa, kiasi. Akihifadhi, programu yenyewe inadebiti wadaiwa na kukrediti mauzo. Hesabu zinalingana, naye kwenye dodoso anaweka tiki penye "nakubaliana kabisa" kwamba programu ni rahisi.

Hasemi uongo. Ila huenda anachokisifu ni kuondolewa hatua ileile aliyokuja kujifunza.

Mazoezi ya mtandaoni yanayosahihishwa na kompyuta ni habari nyingine. Yakitengenezwa vizuri, kila mwanafunzi hupewa tarakimu zake, hivyo kudesa jibu la mwenzake hakumfikishi popote. Akikosea anajua papo hapo, na anarudi kwenye debiti na krediti zilezile mpaka apatie. Dodoso linalouliza kuhusu "teknolojia" kwa jumla huvitia vyombo hivi viwili kapu moja, na majibu yake hayamwambii mhadhiri abadilishe nini.

Ni bora aulize kuhusu kila chombo peke yake, kisha awape wanafunzi haohao muamala mmoja waufanye kwa mkono. Akisoma madodoso sambamba na leja zao, ataona kama waliosifu manufaa wanaweza pia kueleza kwa nini mdaiwa amedebitiwa.