Kumbukumbu Ndiyo Mapenzi: Uhakiki wa Tamthilia ya Runinga Winter Sonata

Utangulizi

Tamthilia ya mapenzi ya runinga inapotajwa katika darasa la fasihi, aghalabu wengi hukunja uso. Husemekana kwamba kazi za aina hii ni za kupitisha wakati tu, kwamba zimejaa sadfa na machozi, na kwamba mtazamaji wake ni mwanamke asiye na jambo bora la kufanya jioni. Makala haya yananuia kuipima kauli hiyo kwa kurejelea kazi moja mahsusi: Winter Sonata, tamthilia ya Korea Kusini yenye vipindi 20 iliyopeperushwa na runinga ya KBS2 kuanzia Januari hadi Machi mwaka wa 2002. Mwelekezi wake ni Yoon Seok-ho. Waigizaji wakuu ni Bae Yong-joon na Choi Ji-woo.

Tutatumia vigezo vilevile unavyovitumia, msomaji, unapohakiki riwaya au tamthilia teule: anwani, msuko, wahusika, ishara na mapokezi. Hoja yetu kuu ni kwamba kinachomnasa mtazamaji wa kazi hii si mapenzi yenyewe bali ni kumbukumbu. Ukilielewa hilo, utaelewa pia ni kwa nini waliolilia zaidi nchini Japani hawakuwa vijana bali wanawake wa makamo.

Muhtasari

Kang Joon-sang ni mwanafunzi mpweke anayehamia shule ya upili mjini Chuncheon akiwa na azma ya siri ya kumtafuta baba yake asiyemjua. Huko anakutana na Jung Yoo-jin, msichana mchangamfu aliyefiwa na baba, nao wanapendana. Muda si muda Joon-sang anaanza kushuku kwamba marehemu baba yake Yoo-jin ndiye babake pia. Anaamua kuondoka kwenda Marekani bila kueleza sababu. Hata hivyo, usiku wa kuamkia mwaka mpya, akielekea kumwona Yoo-jin anayemsubiri, anagongwa na gari. Wenzake wanaambiwa kwamba amefariki.

Miaka kumi inapita. Yoo-jin sasa anafanya kazi ya kupamba majengo na anakaribia kumvisha pete Kim Sang-hyuk, rafiki yake tangu utotoni. Siku ya uchumba wao, theluji ikidondoka, anamwona barabarani mtu anayefanana na Joon-sang kama shilingi kwa ya pili. Mtu huyu ni Lee Min-hyung, mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi aliyelelewa Marekani. Baadaye inabainika kwamba Min-hyung ndiye Joon-sang: alinusurika ile ajali lakini akapoteza kumbukumbu, na mamake, Kang Mi-hee, mpiga piano mashuhuri, akamtafutia daktari wa kumpandikizia kumbukumbu nyingine na maisha mapya. Kutoka hapo wapenzi wanaunganishwa na kutenganishwa mara kadhaa, hadi wanapokutana tena katika nyumba iliyo kisiwani, Joon-sang akiwa amepofuka.

Ufaafu wa Anwani

Kwa Kikorea tamthilia hii huitwa Gyeoul yeonga, yaani wimbo wa mapenzi wa majira ya baridi. Ni katika tafsiri ya Kijapani na ya Kiingereza ambapo wimbo uligeuzwa kuwa sonata. Badiliko hili lina tija kwa mhakiki. Sonata ni utungo wa muziki ambao aghalabu sehemu yake ya kwanza hutambulisha wazo, kulitanua na kulipeleka mbali, kisha kulirudia. Msuko wa kazi hii unakwenda vivyo hivyo. Wazo linatambulishwa Chuncheon, linapotoshwa na kuvurugwa katika maisha ya Min-hyung, kisha linarudi. Aidha, piano ni kifaa cha ploti: kuna kibao ambacho Joon-sang anampigia Yoo-jin wangali shuleni, nacho kinasikika tena wakati mpigaji hakumbuki kwamba aliwahi kumpigia.

Majira ya baridi nayo yana uzito wake. Yoon Seok-ho alitunga mfululizo wa tamthilia nne, kila moja ikifungamana na msimu mmoja wa mwaka: ya vuli ilitoka mwaka wa 2000, hii ya baridi 2002, ya kiangazi 2003 na ya machipuko 2006. Mtahiniwa asiyewahi kuona theluji anaweza kuharakisha kusema kwamba baridi ni ishara ya huzuni. Si hivyo tu. Nchini Korea huaminika miongoni mwa vijana kwamba theluji ya kwanza ni siku ya wapendanao kukutana. Ndiyo sababu Joon-sang na Yoo-jin wanaonekana katika kisiwa cha Nami wakicheza na sanamu ndogo za theluji. Theluji hii basi ni ya furaha. Inageuka kuwa ya huzuni baadaye kwa kuwa kila inapodondoka inamkumbusha Yoo-jin ahadi isiyotimizwa. Ishara hujengwa ndani ya kazi, haitolewi kamusini.

Msuko na Suala la Sadfa

Hapa ndipo wakosoaji wa tamthilia za runinga hushika fimbo. Ama kwa hakika sadfa katika kazi hii ni nyingi. Min-hyung anatokea siku hiyohiyo ya uchumba. Kampuni yake inahitaji huduma za Yoo-jin katika ukarabati wa hoteli ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Mchumba wake wakati huo ni Oh Chae-rin, aliyesoma darasa moja na Yoo-jin. Babake wa kumzaa naye anabainika hatimaye kuwa baba wa Sang-hyuk, hasimu wake katika mapenzi.

Je, haya yote ni udhaifu? Watahiniwa wengi huandika katika majibu yao kwamba "mwandishi ametumia sadfa" kisha wakaishia hapo. Jibu kama hilo halijahakiki chochote. Jiulize: sadfa hiyo inafanya kazi gani? Kuna sadfa inayomtatulia mwandishi tatizo, mathalani mhusika maskini anapookota hela siku ya kudaiwa kodi. Hii humwacha msomaji akihisi kudanganywa. Na kuna sadfa inayomwongezea mhusika tatizo. Hii msomaji huikubali kwa urahisi zaidi, maadamu maisha nayo hutuletea mikosi bila kutuuliza.

Ukizipitia tena sadfa za Winter Sonata, utaona kwamba karibu zote ni za aina ya pili. Zinawatia wahusika mashakani, haziwaokoi. Linganisha na tukio la mwisho. Yoo-jin, aliyerudi kutoka masomoni Ufaransa, anaiona picha ya nyumba iliyojengwa kama ile aliyoichora yeye zamani. Anaifuata hadi kisiwani. Kwa mtazamaji wa pupa hii ni sadfa nyingine. La hasha! Nyumba ile ilijengwa na Joon-sang kutokana na michoro ya Yoo-jin kabla nuru ya macho yake haijafifia. Kinachowakutanisha mwishoni ni kazi ya mtu aliyekumbuka. Hatima iliwatenganisha, kumbukumbu ikawaunganisha.

Kinaya cha Macho na Kumbukumbu

Msomaji, zingatia sasa jinsi mwanzo na mwisho vinavyokabiliana. Min-hyung anapokutana na Yoo-jin ana macho mazima lakini hamtambui. Mtazamaji anajua, Yoo-jin anashuku, ila mwenye sura hiyo hajui. Taharuki yote ya nusu ya kwanza inatokana na pengo hilo la maarifa. Mwishoni Joon-sang hana macho, lakini anamtambua kwa hatua zake na kimya chake. Aliyeona hakujua, asiyeona anajua. Hiki ndicho kinaya kinachobeba tamthilia nzima, nacho kinaulizia jambo zito: mtu akipoteza kumbukumbu zake, je, bado ni yule yule uliyempenda?

Tamthilia hailijibu swali hili kwa haraka. Min-hyung ni mcheshi, mwenye adabu na mavazi nadhifu. Joon-sang alikuwa mkimya mwenye uchungu. Yoo-jin anaanza kumpenda Min-hyung, naye anajilaumu: je, anampenda huyu au anamlilia yule? Nyota ya kaskazini ndiyo ishara inayomwongoza. Yoo-jin alipopotea msituni katika ziara ya shule, Joon-sang alimfunza kwamba nyota hiyo haihami na kwamba aliyepotea huitafuta. Baadaye Min-hyung, asiyekumbuka somo hilo, anamzawadia mkufu wenye nyota hiyohiyo. Kitu kimoja ndani ya mtu hakikuhama.

Usawiri wa Wahusika

Fauka ya wapenzi wawili, mhusika anayestahili kutazamwa kwa makini ni Sang-hyuk. Katika tamthilia dhaifu mpenzi wa pili huwa mwovu ili tusimhurumie. Sang-hyuk si mwovu. Amengoja kwa miaka kumi, na familia yamtambua Yoo-jin kama mchumba wake. Yoo-jin anapomwacha, anaugua hadi kulazwa hospitalini, na Yoo-jin anamrudia kwa huruma. Hapa mgogoro unakuwa wa kweli: huruma na wajibu vinashindana na mapenzi, na hakuna upande usio na haki. Mtahiniwa anayeulizwa kuhusu migogoro ya ndani atapata hapa mfano bora kuliko wa magomvi ya waziwazi.

Oh Chae-rin, kwa upande mwingine, ni mhusika bapa. Wivu ndio sifa yake ya pekee, na kila anapotokea tunajua atakachofanya.

Mapokezi Nchini Japani

Kazi hii ilipendwa Korea, lakini ilikuwa Japani ambako iliwashangaza wengi. Shirika la NHK liliipeperusha mwaka wa 2003 katika idhaa yake ya setilaiti, kisha mwaka wa 2004 katika idhaa kuu, usiku wa manane ukikaribia. Bae Yong-joon alipotua Tokyo mwezi Aprili 2004, maelfu ya mashabiki walimlaki, wengi wao wanawake wa makamo. Walimpa jina Yon-sama, sama kikiwa kiambishi cha heshima kubwa. Wengine walifunga safari hadi Chuncheon na kisiwa cha Nami, na baadhi wakaanza kujifunza Kikorea.

Magazeti na runinga hazikukosa kuwakejeli. Mama wa miaka hamsini anamlilia mwigizaji! Hata hivyo, tukiizingatia hoja yetu ya awali, kilio hicho kina mantiki. Tamthilia hii haimwahidi mtu mapenzi mapya. Inamwambia kwamba alichokipenda zamani, hata kama kimezikwa na miaka, kilikuwa cha kweli na kinastahili heshima. Kijana hana mengi ya kukumbuka. Mwanamke aliyelea watoto na kutunza nyumba kwa miaka thelathini anayo. Aidha, Joon-sang ni mwanamume anayesikiliza na anayelia bila kuona haya. Hakuna matukio ya chumbani ya kutegemewa. Kuna mikono, macho na kimya. Kumcheka mtazamaji huyu ni kukataa kuuliza anachokiona.

Kuna pia historia. Japani iliitawala Korea kuanzia mwaka wa 1910 hadi 1945, na majeraha ya enzi hiyo hayajapona kabisa. Kwamba Wajapani wengi hivyo walimpenda mhusika Mkorea na kuutembelea mji wake si jambo dogo. Lakini tusitie chumvi. Mwaka wa 2005 nchi hizo zilizozana upya kuhusu visiwa vinavyogombaniwa, na mwaka huohuo kikachapishwa Japani kitabu cha vibonzo cha kulipinga wimbi la utamaduni wa Korea. Fasihi hufungua mlango. Haiwalazimishi watu kuingia.

Dosari

Mhakiki hapaswi kuwa shabiki. Dosari ya kwanza ni urudiaji: ajali ya pili inayomrejeshea Joon-sang kumbukumbu inaonekana kuwa njia ya mkato, na shaka ya udugu, iliyokwisha kutumika mwanzoni, inafufuliwa karibu na mwisho ili kuahirisha ndoa. Dosari ya pili ni nzito zaidi. Mi-hee alimpokonya mwanawe maisha yake na kumpa ya kubuni. Damu ni nzito kuliko maji, lakini je, uzazi unampa mtu haki hiyo? Tamthilia inalipita swali hili kwa machozi machache na msamaha. Tatu, Joon-sang anaondoka zaidi ya mara moja bila kumweleza Yoo-jin ukweli, akidai kumkinga na uchungu. Yoo-jin anabaki kuamuliwa na wengine kuhusu maisha yake mwenyewe. Kazi inayothamini kumbukumbu kiasi hiki ilipaswa kuuthamini ukweli kwa kiwango hichohicho.

Hitimisho

Tumeona kwamba Winter Sonata si kazi isiyo na kasoro, ila si upuuzi pia. Sadfa zake zinawatesa wahusika badala ya kuwaokoa, ishara zake zimejengwa kwa subira, na kinaya chake kikuu kinaibua swali la utu na kumbukumbu. Mwalimu, mwanafunzi wako akikuambia kwamba alikesha akitazama tamthilia ya Korea, usimkaripie kabla ya kumwuliza: ulilia wapi, na kwa nini hapo? Akiweza kukujibu kwa ushahidi kutoka katika kazi yenyewe, amekwisha kuanza kuhakiki.

Maswali ya Marudio

1. "Hatima iliwatenganisha, kumbukumbu ikawaunganisha." Jadili ukweli wa kauli hii ukirejelea msuko wa Winter Sonata.

2. Tofautisha sadfa inayomtatulia mwandishi tatizo na ile inayomwongezea mhusika tatizo. Toa mfano mmoja mmoja kutoka katika kazi teule uliyoisoma.

3. Sang-hyuk ni mhusika wa kuhurumiwa au wa kulaumiwa? Tetea jibu lako.