Doudou na Mama Wakwe Zake: Nani Atawatunza Wazee wa Taifa Kubwa?

Tukiujadili ushindani wa China na Marekani, aghalabu tunahesabu reli, meli na madeni. Historia yetu yenyewe inatuelekeza huko: Wachina walitujengea TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, na barabara ya kwenda Zambia, inayopita sambamba nayo, kwa sehemu ikagharimiwa na Marekani. Mhakiki wa fasihi ana mlango mwingine wa kuingilia: sanaa ambayo taifa kubwa linaichagua ili lijulikane kwayo.

Tamthilia ya televisheni ya Doudou na mama wakwe zake ilitiwa sauti za Kiswahili, ikaonyeshwa na TBC mwaka 2011. Machi 2013 Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam. Basi hii si burudani tupu, jamani. Ni zawadi ya dola, na zawadi ya dola ina itikadi yake.

Mgogoro mkuu ni wa nyumbani. Baba mkwe wa Doudou alimwacha mkewe akaoa mwingine, hivyo bibi harusi anawakuta mama wakwe wawili, na kila mmoja anataka heshima yake. Mtazamaji wa Mitundu, kule Itigi mkoani Singida, hahitaji kufafanuliwa hapo. Mke mwenza na mkwe anawajua. Ndiyo maana tamthilia imefaulu: imemshusha Mchina kutoka kwenye bango la mkandarasi, ikamkalisha jikoni akigombana kama sisi.

Hata hivyo, suluhisho lake ni dhaifu. Karibu kila ugomvi unaisha kwa uvumilivu na werevu wa Doudou. Mwanamke akijishusha, nyumba inatengemaa. Nyumba ikitengemaa, taifa linasonga mbele. Je, uhalisi unakubali?

Sera ya mtoto mmoja, iliyoanza 1980, ilizaa hesabu ngumu kuliko ya Doudou: mume aliyezaliwa peke yake, mke aliyezaliwa peke yake, na wazazi wanne wa kutunzwa. Serikali iliruhusu watoto wawili mwaka 2016, kisha watatu 2021. Mwaka 2022 idadi ya watu ikapungua kwa 850,000, mara ya kwanza tangu 1961. Ruhusa ipo, watoto hawaji. Wanawake wengi vijana wameipima kazi ya kuwa Doudou, wakaona si mchezo.

Dhamira ambayo tamthilia inaigusa na kuikimbia ndiyo nzito kuliko zote. Dola inaweza kumshinda mpinzani wake kwa viwanda, lakini haiwezi kumwamuru mkwe azae na auguze wazee wanne huku akitabasamu. Wanaobishana eti tuwe upande wa Beijing au wa Washington wangeanza na swali hilo, na walielekeze kwetu pia: hapa kwetu nani anaubeba mzigo wa Doudou, na nani anamlipa?