Mkate wa Wishwa: Siri na Ulinzi katika Kisa cha Fumo Liyongo

Kisa cha Fumo Liyongo kimehakikiwa mara nyingi kwa upande wa ushujaa, kwa upande wa historia ya Pate na nchi ya mlango wa Mto Tana, na kwa upande wa lahaja za kaskazini. Kipo kipengele kimoja ambacho hutajwa kwa haraka na kuachwa, nacho ni wimbo ambao shujaa alimtuma nao kijakazi Saada alipokuwa kifungoni. Ni rahisi kuuweka wimbo huo katika fungu la mafumbo, na ukishawekwa huko kazi ya uhakiki huhesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanadai kwamba fungu hilo si lake. Siri ya Liyongo haikukaa katika maneno, na kufa kwake hakukutokana na maneno kufumbuliwa. Mahali siri hiyo ilipokaa ndipo panapokifanya kisa hiki kistahili kusomwa upya katika zama za tarakilishi, ambapo mtu wa kawaida hudaiwa namba ya siri dukani na alama ya kidole ofisini.

Matini mawili ndiyo yanayotegemewa hapa: hadithi ya nathari iliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870, na utendi uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Yanatofautiana katika mengi, lakini katika jambo la mkate yanapatana. Liyongo amefungwa kwa amri ya mtawala wa Pate. Mamaye humpelekea chakula kwa mkono wa Saada, na walinzi hukila kilicho kizuri. Ndipo Liyongo anapoimba, akimwagiza mamaye afanye mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Chakula kizuri kinaishia mlangoni. Mkate wa wishwa unadharauliwa na kumfikia mfungwa, na tupa imo ndani.

Mtu akiuchunguza wimbo huo ataona kwamba mkate umeitwa mkate na tupa imeitwa tupa. Katika fumbo la kweli, kama yale ya malumbano ya Muyaka bin Haji na washairi wa Lamu katika karne ya 19, jambo husemwa kwa jina la jambo jingine, na msikilizaji hana budi kujua habari za mji ili alifumbue. Hapa hakuna hilo. Wala hakuna kinyume, ule mchezo wa waswahili wa kutanguliza silabi ya mwisho hata kitabu kikawa "bukita". Kinyume hutia siri yake yote katika mbinu. Mtoto mmoja wa jirani akijifunza mbinu hiyo alasiri moja, mazungumzo yote ya nyumba yamekwisha kufunuliwa, ya leo na ya kesho.

Udhaifu huu ulielezwa kwa ufasaha na Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Paris, katika makala yake ya mwaka 1883 kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi. Miongoni mwa masharti sita aliyoyaweka, la pili lasema kwamba mfumo wenyewe usihitaji kufichwa, bali uweze kuangukia mikononi mwa adui pasipo madhara. La tatu lasema kwamba ufunguo uweze kushikwa moyoni bila kuandikwa, na uweze kubadilishwa wakati wowote wenye nao watakapo. Elimu yote ya usimbaji wa siku hizi, ile inayolinda fedha zinazotumwa kwa simu na barua zinazopita katika intaneti, imejengwa juu ya masharti hayo mawili. Sharti la tatu lina kazi kubwa zaidi katika kisa cha Liyongo, na litarejewa.

Basi mkate ulifikaje? Mwaka 1983 Gustavus Simmons, mwanahisabati wa Marekani, aliwasilisha tatizo aliloliita tatizo la wafungwa. Wafungwa wawili wamewekwa vyumba mbalimbali na wanataka kupanga kutoroka. Mlinzi anawaruhusu kupelekeana ujumbe kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ausome kwanza. Swali ni namna ya kupitisha siri mbele ya macho ya msomaji huyo bila yeye kushuku kwamba kuna siri. Simmons alijibu kwa hisabati. Liyongo na mamaye walijibu kwa matumbo ya walinzi. Ukaguzi wa walinzi wale ulikuwa ni ulafi: walikichunguza kwa bidii kila kinacholika kwa raha na kukipuuza kisicholika. Aliyeujua ulafi huo alikuwa na ramani kamili ya gereza. Chakula kizuri kilichoandamana na mkate hakikuwa heshima ya mama kwa mwanawe; kilikuwa sadaka ya kuwashughulisha walinzi, na pasipo sadaka hiyo pengine hata wishwa ungevunjwa kwa njaa.

Hata hivyo mpango huu usisifiwe kupita haki yake. Kwa kipimo cha Kerckhoffs ulikuwa dhaifu, maana ungefaa mara moja tu; siku ya pili mlinzi mwenye akili angeivunja kila mikate. Liyongo hakuhitaji siku ya pili. Kupima ulinzi kwa muda unaohitajika, wala si kwa ukamilifu wake, ni hekima ambayo wataalamu wa tarakilishi nao walichelewa kuikubali. Tena mpango haukuwa wa mtu mmoja. Wahakiki wamezoea kumpa Liyongo sifa zote, ilhali mama ndiye aliyepima uzito wa mkate na kuuoka, na Saada ndiye aliyebeba maneno kichwani kutoka gerezani hadi nyumbani. Kama mmoja wa wanawake hao angetamka neno moja zaidi, hakungekuwa na utendi.

Yafuatayo baada ya mkate ni bora zaidi kwa hoja hii. Tupa hulia ikikereza chuma. Liyongo akaomba ngoma ya gungu na mwao ichezwe, naye akaimba, na katika kelele za pembe, matoazi na upatu akazikata pingu zake. Mhakiki wa mila huipenda sehemu hii kwa sababu inahifadhi habari za ngoma za kale, na huisoma kama pambo. Ni kosa la usomaji. Katika mantiki ya kisa kila chombo kinachotajwa ni tofali la ukuta. Mwaka 2013 watafiti Daniel Genkin, Adi Shamir na Eran Tromer walionyesha kwamba ufunguo wa siri wa tarakimu-mbili 4096 unaweza kupatikana kwa kusikiliza tu sauti nyembamba zinazotolewa na vipande vya tarakilishi inapofanya hesabu ya kufumbua. Simu iliyowekwa karibu ilitosha kuwa sikio. Hesabu ilikuwa salama, lakini chombo chenyewe kililia. Mtunzi wa kisa cha Liyongo, yeyote aliyekuwa wa kwanza, alijua kwamba anayetenda jambo la siri hutoa sauti, na kwamba sauti hiyo haizimwi bali hufunikwa.

Kabla ya gereza kulikuwa na mkoma. Watu wa mwituni waliohongwa walifanya kikoa na Liyongo, kila mmoja apande kwa zamu kuangua makoma, wakiwa wamekusudia kumpiga kwa mishale zamu yake itakapofika naye yuko juu. Zamu ilipofika Liyongo hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale, akiwa amesimama chini. Bruce Schneier aliandika mwaka 2008 kuhusu aina ya fikira ambayo mtu wa usalama hawezi kuizima: akitazama kitu hafikiri kinavyofanya kazi, hufikiri kinavyoweza kufanywa kishindwe. Liyongo chini ya mkoma ni mfano usio na dosari. Aliiona zamu ya kikoa kwa jicho la mwenye upinde aliye chini. Kijumwa amefanya vyema kutoeleza mawazo ya shujaa wakati huo, kitendo kinatosha.

Swali gumu la kisa ni hili: mtu mwenye jicho kama hilo aliuawaje? Mtawala alimtumia mwanawe mwenyewe (katika baadhi ya masimulizi ni mpwawe), akiahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Kijana akamwuliza babaye ni kitu gani kiwezacho kumwua. Babaye alishuku, akamwambia kwamba anamshuku, kisha akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Wasomaji wengi huona hapa udhaifu wa hadithi, kwamba shujaa amepumbazwa ili kisa kipate mwisho. Wengine huitia katika fungu la ajali na kudura. Lakini sharti la tatu la Kerckhoffs linaonyesha kwamba kosa lilitangulia mazungumzo yale. Ufunguo wa Liyongo ulikuwa kitovu chake. Haukuweza kubadilishwa. Siku ulipojulikana na mtu mmoja ulikuwa umejulikana milele, na mwenyewe hangeweza kuamka asubuhi akautengeneza mwingine. Aliyepanga mambo ya mkate, ya ngoma na ya makoma kila moja kwa hila mpya, alibeba mwilini siri moja isiyokubali hila.

Schneier mwenyewe alipitia njia inayofanana. Katika Applied Cryptography, kitabu chake kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1994, matumaini yote yaliwekwa katika hisabati. Katika Secrets and Lies cha mwaka 2000 alikiri kwamba hisabati ni kamilifu lakini watu sivyo, na kwamba kufuli hupitwa kando na yule anayeulizwa na mpenzi wake, mwanawe au sauti ya upole katika simu. Mkenya anayetumia M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, hahitaji kuambiwa. Tapeli hajisumbui kuvunja usimbaji. Hupiga simu na kuuliza. Angalau namba ya siri iliyotolewa kwa ujinga hubadilishwa jioni hiyo hiyo.

Kidole hakibadilishwi. Usajili wa Huduma Namba wa mwaka 2019 ulikusanya alama za vidole na picha za nyuso za mamilioni ya Wakenya. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza DNA na vipimo vya mahali anapokaa mtu visikusanywe, na ikataka sheria za kutosha ziwekwe kwanza. Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa tathmini ya hatari kwa habari za watu haikufanywa. Mabishano yale yaliendeshwa kwa lugha ya katiba, na ilikuwa sawa. Lakini fasihi ya pwani ilikuwa na picha ya jambo lenyewe karne nzima kabla: mwili uliofanywa ufunguo, na mtu mwingine anayejua ulipo. Ajabu ni kwamba picha hiyo hufundishwa shuleni kama kisa cha usaliti tu, kana kwamba kijana angekuwa mwema basi kitovu kingekuwa salama.

Imebaki sehemu ya kisimani, ambayo wahakiki huipita wakidhani kisa kimekwisha kwa sindano. Liyongo aliamka kwa maumivu, akatwaa upinde wake, akaenda kupiga goti penye kisima, mshale umo uzini, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji walimwona wakaogopa. Hawakujua kwamba ni maiti. Kwa siku kadha hakuna aliyethubutu kuteka maji. Huo nao ni ulinzi, tena wenye nguvu kuliko wote uliotajwa, kwa maana haukuwa na kitu ndani yake ila imani ya anayetazama. Na uliwatesa wasio na hatia kama ulivyowatisha maadui. Utendi hauna haraka hapa, na ndipo unapofikia ubora wake. Mamaye ndiye aliyeletwa ambembeleze mwanawe kwa nyimbo aondoke. Yeye aliyepitisha tupa mbele ya walinzi akasimama mbali kisimani akiimba, asipate jibu, hata siku mwili ulipoanguka na watu wakaenda na mitungi yao.